Chaki Zilizokauka Bila Jua

Haya, sogeeni. Na wewe ambaye gazeti hili umelipata likiwa limefungiwa misumari ya dukani, na sehemu zilizopita hukuzisoma, usiwe na wasiwasi, hutapotea. Mimi ndiye yule mwanamke anayetengeneza chaki za shule kwenye chumba cha uani, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Chaki.

Jina hilo nilipewa na shoga yangu, enzi tulipokuwa tukifanya kazi hii wawili. Watu wakalidaka haraka kwa sababu sina mtoto. Ndoa ina miaka, mtoto hakuja, zikaja chaki. Mwanzoni liliniuma mpaka nikawa napita njia ya nyuma kwenda dukani. Baadaye nikaliandika kwenye maboksi kwa herufi kubwa. Nikasema kama ni kunichoma, basi na liniletee riziki.

Yaliyonikuta mpaka sasa ni haya, nayasema mbio mbio. Shoga yangu alichoka kungoja faida, akaenda kuajiriwa duka la vifaa vya shule. Siku hizi ananipungia mkono akiwa ng'ambo ya barabara, havuki. Paa likavuja, magunia ya jasi yakalowa. Jasi ndiyo ule unga mweupe unaozaa chaki, na ukishalowa ndani ya gunia umekuwa jiwe. Halafu mume wangu, fundi wa pampu za maji, akapewa uhamisho kwenda mji wa mbali. Nyumba huko ameshapangiwa. Lori la kazini kwake lilikuwa lije kubeba vyombo Jumapili.

Mume wangu namwita Fundi tangu tulipokuwa wachumba. Aliponiambia tunahama, nikamwambia hamia wewe. Tukanuniana, kila mtu na ukuta wake kitandani, mpaka tukafikia makubaliano.

Walimu wakuu wa shule za eneo letu walikuwa wakutane Alhamisi, wachague nani atawaletea chaki kwa mwaka mzima. Nikamwambia Fundi: wakizikubali chaki zangu, wewe tangulia, mimi nibaki na kazi yangu, tutakuwa tunatembeleana. Wakizikataa, nafunga chumba, narudisha ufunguo kwa mwenye nyumba, napanda lori pamoja na wewe. Na neno chaki hutalisikia tena mdomoni mwangu.

"Apa," akasema.

"Naapa."

"Siyo hivyo. Apa kwa jina la mama yako."

Mama yangu yuko kaburini, na Fundi anajua silichezei jina lake. Nikaapa.

Sasa, kuna msomaji ameniandikia: "Dada, mshirika huna, mtaji huna, mume anakutoka, unang'ang'ania nini? Kichwa chako kigumu." Asante, ndugu yangu. Mama mkwe amekutangulia kusema hivyo, tena yeye aliongeza na mengine.

Lakini swali ni zuri, ngoja nilijibu. Niliwahi kwenda semina ya wajasiriamali. Bwana mmoja mwenye tai nyekundu akatuambia kwamba mtaji wa kwanza hauko benki, uko ndani ya mtu. Ni ari. Mwenye ari haamshwi, hasukumwi, haombi ruhusa. Tukampigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Na alisema kweli. Mimi hakuna aliyenituma. Hata nikiwa na homa, kuna kitu humu ndani kinanikokota mpaka kwenye ndoo. Nikiwa nakula, kinawaza. Nikiwa msibani, jamani nisameheni, natazama ukuta wa wafiwa najiuliza plasta ile wameichanganya vipi. Ila yule bwana hakutuambia kwamba kitu hicho hakikai na watu. Hakijui mume anakula peke yake. Hakijui shoga yako ana kodi ya nyumba na hawezi kungoja. Kinataka tu, na ukikipa kinataka tena. Semina ikaisha, tukapewa soda, tukatawanyika.

Twende Jumatano, siku moja kabla ya walimu wakuu.

Mvua ilikuwa imepiga kambi tangu mwanzo wa wiki. Chaki zangu nilikuwa nimeshazimimina kwenye kalibu, yale matundu yanayozipa umbo, nimezitoa, nimezipanga kwenye trei, trei juu ya trei. Zilikuwa nyeupe na nzuri, lakini mbichi. Ukiishika unahisi ubaridi wa maji. Chaki mbichi haiandiki, inateleza ubaoni. Nilikuwa nimefungua madirisha yote upepo upite, nimeazima feni, nimepepea kwa mkono. Wapi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusaidia kufunga vyombo. Kwake yeye safari ilikuwa imeshaamuliwa. Alisimama mlangoni kwangu na rundo la mashuka.

"Mkwe wangu, wanawake wenzako wanaanika nguo. Wewe unaanika mawe."

"Mama, haya mawe ndiyo yaliyonunua hayo mashuka."

"Basi yanizalie na wajukuu," akasema, akaenda zake.

Nikajipaka mafuta usoni, nikachukua mwavuli. Ilibidi niende kwa mchapaji kuchukua maboksi mapya.

"Fundi, niangalizie chumba. Mvua ikiingia dirishani, sogeza trei."

"Nenda tu, mke wangu. Nipo."

Kwa mchapaji nilikaa sana. Umeme ulikatika, mashine ikalala, sote tukaketi tunatazama barabara ikigeuka mto. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba kesho nitakwenda na chaki mbichi na kuwaomba walimu uvumilivu. Kichwani nilikuwa naitunga hotuba yenyewe.

Niliporudi, jioni haijaingia, Fundi alikuwa amekaa kizingitini, kakunja suruali, anatabasamu. Tangu habari ya uhamisho, sikuwa nimeyaona meno yake.

"Ingia uone," akasema.

Nikaingia. Chaki zilikuwa zimekauka. Zote! Nikachukua mbili nikazigonganisha, zikalia ti, ti.

"Fundi! Imekuwaje?"

"Jua lilitoka. Si nikazitoa nje trei zote, peke yangu? Muulize mgongo wangu."

"Jua? Mimi huko nimenyeshewa mpaka kwenye mfupa."

"Huko ni huko. Hapa liliwaka kweli kweli. Chukua, jaribu hii."

Akanipa chaki moja. Nikaandika ukutani jina lake. Mstari ukatoka laini, mweupe, umeshiba. Nikamkumbatia, jamani. Nilimkumbatia na matope yangu, nikamwambia hakuna mwanaume kama wewe duniani. Akacheka, lakini mikono yake iliniachia upesi.

Hilo la mikono nimelikumbuka baadaye. Wakati ule nilikuwa na maboksi ya kujaza.

Alhamisi nikafika shuleni nimevaa gauni langu la harusi za watu. Walimu wakuu walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mnene, mwenye sauti ambayo wanafunzi wameipa jina la Kengele, na jina limemkaa. Mwezi uliopita nilimpa chaki za kuonja na akazisifu. Yeye ndiye aliyeniita pale.

"Karibu, Mama Chaki. Walimu, huyu dada anatengeneza mwenyewe, kwa mikono yake. Tutajaribu kwanza, maneno baadaye."

Akafungua boksi, akachukua chaki, akaenda ubaoni kuandika tarehe.

Chaki ikamegeka. Akachukua nyingine. Aliposhusha mkono kuandika, ikasagika pale pale kidoleni, unga ukamwagika kwenye gauni lake jeusi. Akachukua ya tatu, safari hii polepole, kama anayemshika kifaranga. Nayo ikaenda. Akafungua boksi la pili. Vile vile.

"Hii ni chaki au poda?" akauliza mwalimu mkuu mmoja wa nyuma. "Maana mke wangu ameniagiza poda."

Darasa zima likaangua kicheko. Watu wazima na mvi zao, wanapiga madawati kama watoto.

Mimi nilikuwa nimesimama pale mbele, na nilishajua. Nilijua tangu ile ya kwanza. Chaki ikishaganda, kuna maji kidogo yanabaki ndani yanayoishikilia. Jua haliwezi kuyatoa hayo. Moto unaweza. Ukiiweka chaki karibu na moto, inakauka haraka, inapendeza, hata inalia ukiigonga, lakini ndani imesharudi kuwa unga. Hakuna kosa lingine linalofanya vile. Ni hilo moja tu.

Na ni kosa ambalo Fundi analijua. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa nilipoingiza kalibu ndani ya nyumba yetu. Alitaka kuweka jiko la chai kwenye kile chumba, nikalitoa nje, nikamweleza kwa nini. Akanitania, akasema basi hata mimi nisikae humo, maana nina moto.

"Dada," akasema Kengele, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Hizi umezikausha vipi?"

Ningeweza kusema. Ningesema, si mimi, ni mume wangu, mimi sikuwepo. Walimu wangenihurumia, labda wangenipa nafasi. Lakini mume huwezi kumwanika mbele ya watu wanaocheka. Na boksi lina jina langu, halina jina lake.

"Nimezikosea," nikasema. "Samahanini."

"Basi tunasikitika," akasema yule wa poda, ambaye hakuonekana kusikitika. "Hatuzichukui. Aitwe mwingine."

Nikafunga maboksi yangu. Hakuna aliyenisaidia kuyabeba.

Kwenye korido nikasikia viatu nyuma yangu. Alikuwa Kengele, bado ana unga kifuani.

"Zile ulizonipa mimi niliandikia mwezi mzima. Hizi nani amezikausha?"

"Mimi."

"Unanidanganya. Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote, najua uso wa mtu anayembebea mwenzake adhabu."

Nikatazama chini.

"Sikiliza. Hatumalizi leo, wengine wameomba waone na za kiwandani. Tunarudi hapa Jumatatu asubuhi. Wewe niletee boksi moja. Moja tu, lakini liwe lako, umelikausha wewe na umelilinda wewe. Nitaliweka mezani bila jina. Wakishaandika, ndipo nitawaambia ni la nani."

"Jumatatu?"

"Huwezi?"

Jumapili lori. Jumatatu walimu. Nilipaswa kumwambia pale pale, mama, nimeapa. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema, "Naweza."

Nikatoka getini. Mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu. Nikasimama chini ya kibanda cha mlinzi nikatoa simu, kwa sababu nilikuwa naumia na mtu akiumia hutafuta wa kumwambia. Nikapitisha kidole kwenye majina. Shoga yangu, sina namba yake mpya. Mama, hayupo. Mchapaji, muuza jasi, mwenye nyumba, mwalimu, mwalimu, mwalimu. Mtu ninayempigia simu nikiumizwa ni Fundi. Ni yeye tu. Nikalitazama jina lake mpaka simu ikazima mwanga yenyewe.

Mlinzi akaniuliza, "Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna, baba. Mvua tu."

Sijawahi kujisikia peke yangu kama pale. Hata siku tuliyomzika mama nilikuwa na bega la kuegemea, na bega lenyewe lilikuwa la Fundi.

Njiani nikaanza kumtetea. Labda alisahau. Labda mvua haikukata, akaona aibu kuniangusha, akawasha moto kwa mapenzi, kisha akatunga jua ili nisimgombeze. Wanaume wana mambo hayo, wakivunja kikombe wanakificha. Nikaushika utetezi huo kwa mikono miwili. Lakini kila nikifika kwenye ile chaki aliyonipa nijaribu, utetezi unakwama. Kwa nini alichagua yeye? Kwa nini hakuniacha nichukue yoyote kwenye trei?

Uani nikamkuta mama mkwe anafunga godoro kwa kamba, goti moja juu yake.

"Umerudi, mwanangu. Wamesemaje?"

"Wamekataa, mama."

Akaacha kamba. Nilitegemea afurahi. Akanitazama, akasema, "Pole." Alisema kama mama yangu angesema, nikapata kazi kubwa kuzuia machozi. Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, akaongeza, "Na mwambie mumeo ayamwage majivu kwenye majiko yangu mawili. Jana alivyoyawasha humo chumbani kwako, na mvua ile ya kutwa, kukawa tanuri. Nilimwambia, mwanangu utajichoma. Akanifukuza, akasema kazi hii anaijua."

"Mvua ya kutwa?"

"Kwani ulikuwa nchi gani? Jana jua tulilisikia kwa jina."

Kazi hii anaijua. Basi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo hiyo nilikuwa naifua mwenyewe.

Fundi alikuwa ndani ya chumba cha chaki, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuuliza matokeo. Alikuwa amenyoa ndevu, kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

Nikaweka maboksi chini.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Nakwambieni ukweli, nilikuwa namwomba moyoni aseme hapana. Angesema hapana ningeamini, ningemezea, na hadithi hii ingeishia leo.

"Nilijua," akasema.

"Na ile uliyonipa nijaribu?"

"Ya zamani. Niliitoa kwenye boksi la mwezi uliopita."

Nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba namwuliza chumvi iko wapi: "Kwa nini, Fundi?"

"Kazini kwangu wananiita Baba Chaki," akasema. "Unajua hilo?"

"Ni utani."

"Ni utani kwako. Wewe umelichukua jina, umelipiga chapa, limekuwa mali yako. Mimi sikulichukua. Mimi nilikuwa nataka mtoto, na kama hayupo, basi nilikuwa nataka mke. Nikirudi, uko humu. Nikila, uko humu. Nikiumwa, unaniletea dawa huku vidole vina unga, unaniuliza najisikiaje na macho yako yako mlangoni."

"Si ungesema?"

"Nimesema! Nimesema mara ngapi? Unasikia, unasema 'kweli mume wangu', halafu unaamka kabla ya jogoo unakuja humu." Akainuka, akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Nilikuwa nakungoja ukate tamaa. Shoga yako alipoondoka nikasema, sasa atachoka. Hukuchoka. Magunia yalipolowa nikasema, sasa. Ukalia asubuhi, mchana ukaenda kukopa mengine. Nikaona huyu mwanamke hakati tamaa. Labda mtu amkatishe."

"Ukaamua uwe wewe."

"Nikaamua niwe mimi. Nilikuwa naona aibu, usidhani. Niliwasha, nikazima, nikawasha tena. Nilitaka nikushinde mara moja tu katika maisha yangu."

Alikuwa analia. Mume wangu halii. Niliona tone limeshuka kwenye kidevu kile kilichonyolewa, na moyo wangu ulimwendea, nawaapia. Nilikuwa na hasira ya kumtosha mtu kuua nyoka, na bado moyo ulimwendea. Nikataka kuvuka chumba nimshike.

"Tazama mikono yako," akasema.

Nikatazama.

Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kalibu. Wa kulia ulikuwa na kitambaa chenye mafuta, na ulikuwa unapaka kwenye matundu moja baada ya jingine, kama tunavyofanya kabla ya kumimina ili chaki zisigande humo. Sijui niliishika saa ngapi. Mume wangu anafungua kifua chake mbele yangu, na mimi naandaa kalibu ya Jumatatu.

Nikaiweka chini. Nje, mama mkwe alikuwa anakohoa na godoro lake.

"Kuna nini Jumatatu?" akauliza Fundi. Hakuna kitu ninachoweza kumficha mwanaume huyu. Ameishi sana na mgongo wangu, anausoma.

Nikamwambia. Kengele, boksi moja, mezani bila jina. Akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko kisicho na furaha.

"Uliapa," akasema. "Zikikataliwa, tunaondoka wote. Zimekataliwa?"

"Umezikataa wewe!"

"Nimezikataa mimi, ndiyo. Na walimu wamezikataa. Ulipoapa hukusema zikataliwe na nani."

"Huo si uungwana, Fundi. Huwezi kuniua halafu udai urithi."

"Sina uungwana, nimeshakwambia. Nimebakiwa na kiapo chako tu." Akasogea karibu, harufu ya sabuni ya kunyolea ikanifikia. "Lakini nijibu kitu kimoja, halafu sitakuuliza tena. Siku ile uliapa kweli? Au uliapa kwa sababu ulijua hutashindwa?"

Nyinyi nawaambia, kwa kuwa yeye sikumwambia. Siku ile naapa, sikuwaza hata kidogo ule mji. Sikuwaza nyumba yake ina madirisha mangapi, wala ndoo ya maji ningeiweka wapi, wala jirani mpya ningemsalimiaje. Niliweka jina la mama yangu juu ya jambo ambalo moyoni nilishaamua halitatokea. Fundi alikuwa ameulizia pale pale penye kidonda.

Mara honi ikalia nje. Honi nzito, mara mbili. Mama mkwe akapiga ukelele uani.

"Jamani! Lori hilo! Si mlisema Jumapili?"

Sauti ya dereva ikajibu kwamba Jumapili amepangiwa safari nyingine. Ni leo au hakuna, na tufanye haraka maana barabara inakatika huko mbele.

Fundi akanitazama. Nilidhani atanisihi, au atanitukana. Hakufanya hata moja.

"Haya, Mama Chaki," akasema. Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniita jina hilo.

Akaenda chumbani kwetu, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Katikati ya sakafu kulikuwa na lile sanduku la mbao la nguo zetu, zake na zangu pamoja, mama mkwe ameshalifunga. Ni zito, lina mishikio miwili, huku mmoja na huku mmoja. Hakuna mtu anayeweza kulibeba peke yake.

Akainama akashika wa kwake. Akabaki ameinama hivyo, honi inalia nje, anasubiri nishike wa pili.